Upepo Ulishao na Ukabao Pumzi: Mwibuko wa Maji ya Bahari na Krustasia Wadogo wa Sakafuni

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna mwibuko wa maji ya bahari, yaani kupanda kwa maji baridi ya kina hadi karibu na uso, unavyoziumba jamii za krustasia wadogo wanaoishi kwenye sakafu ya rafu za bara. Mfano mkuu unaotumiwa ni eneo la Benguela, katika pwani ya Namibia na magharibi ya Afrika Kusini. Hoja inayotetewa ni kwamba mwibuko huleta mambo mawili kwa mkupuo mmoja, chakula kingi na upungufu wa oksijeni, na kwamba jamii ya viumbe hao haiwezi kusomwa sawasawa kwa kuzingatia moja tu kati ya mambo hayo. Aidha, makala yanapendekeza istilahi chache na kuonyesha uhusiano wa somo hili na pepo za kusi na kaskazi.

1.0 Utangulizi

Mwaka 1997, katika ghuba ya Elands Bay iliyoko kaskazini ya mji wa Cape Town, takribani tani 2000 za kamba mawe zilitoka majini na kukwama ufuoni. Kamba hao hawakuwa wakifukuzwa na adui. Walikuwa wakitafuta pumzi. Mimea midogo mno iliyokuwa imestawi kwa wingi juu ya maji ilikuwa imekufa, ikazama na kuoza, na kuoza huko kukaimaliza oksijeni ya maji yaliyo karibu na sakafu. Kamba mawe ni mnyama mwenye miguu ya kutembelea. Alipokosa pumzi alisogea kwenye maji ya kina kifupi ambako mawimbi huchanganya hewa na maji, na bahari ilipokupwa akaachwa nchi kavu.

Maafa hayo yalionekana na kila mtu aliyefika ufuoni siku hizo. Hata hivyo, kwenye sakafu ya bahari hiyo huishi jamaa wa mbali wa kamba mawe ambao urefu wa miili yao kwa kawaida haufiki milimita 1. Hao hawana uwezo wa kutembea kilomita kadhaa kutafuta maji mazuri. Mabadiliko ya maji yakija huwakuta pale pale walipo, na ama huyastahimili ama huangamia. Vifo vyao havipigwi picha wala kuandikwa gazetini. Lakini baadhi yao huacha magamba madogo ndani ya tope, na magamba hayo, yakikusanywa na kuhesabiwa, hueleza hali ya bahari ya miaka mingi iliyopita.

Huenda msomaji akauliza somo hili linamhusu nini mwanafunzi wa Kiswahili. Yapo majibu mawili. Kwanza, chanzo cha mambo haya ni upepo, na Kiswahili ni lugha iliyokuzwa na watu waliozipanga safari zao kwa kufuata kusi na kaskazi. Pili, suala lililo kiini cha makala haya ni suala la usomaji: dalili moja inapoweza kubeba maana mbili zinazopingana, msomaji aamue vipi?

2.0 Istilahi

Kiswahili kina kitenzi kinachofaa sana kwa somo hili, nacho ni -ibuka: kutokeza juu ya maji baada ya kuzama. Mzamiaji huzama, kisha huibuka. Siku hizi kitenzi hiki kimetumiwa mno kwa timu na wagombea wanaoibuka washindi, kiasi kwamba asili yake ya majini imefifia katika fikra za wengi. Makala haya yanakirejesha kwake na kuunda jina mwibuko, kwa utaratibu ule ule uliotupa mlipuko kutokana na lipuka na mfumuko kutokana na fumuka. Kinyume chake, yaani kushuka kwa maji ya juu kuelekea kilindini, kinaitwa hapa mzamo.

Istilahi ya pili ni rafu ya bara. Bara haliishii pale mawimbi yanapopiga. Huendelea chini ya bahari likiteremka polepole mfano wa ubao mpana, hadi kwenye ukingo ambao wastani wa kina chake duniani ni mita 130 hivi. Baada ya ukingo huo mteremko huwa mkali kuelekea vilindi vya bahari kuu. Rafu ni sehemu ndogo ya bahari yote, lakini ndiyo inayopokea sehemu kubwa ya chakula kinachozalishwa karibu na pwani.

Ya tatu ni krustasia. Hili ni kundi la wanyama wasio na uti wa mgongo, wenye miguu yenye viungo na gamba la nje, ambao miongoni mwao wamo kaa, kamba na uduvi. Krustasia wadogo wanaozungumziwa hapa ni wale wanaopita kwenye chekeche chenye matundu ya milimita 1 lakini hunaswa na chekeche chembamba zaidi, kwa kawaida chenye matundu ya mikromita 63. Makundi mawili ndiyo muhimu: ostrakodi na kopepodi wa sakafuni.

3.0 Upepo na Mwendo wa Maji

Wahenga walisema kwamba maji hufuata mkondo. Katika bahari wazi, hata hivyo, maji ya juu hayaufuati upepo moja kwa moja. Fridtjof Nansen, aliyesafiri kwa merikebu ya Fram katika bahari ya Aktiki kati ya mwaka 1893 na 1896, aligundua kwamba barafu ilikuwa ikisogea upande wa kulia wa uelekeo wa upepo. Vagn Walfrid Ekman wa Uswidi alilitafutia jambo hilo maelezo ya kihisabati, na makala yake maarufu ilichapishwa mwaka 1905. Kwa mujibu wa nadharia yake, mzunguko wa dunia huyapotosha maji yanayosukumwa na upepo, hata jumla ya mwendo wa tabaka la juu ikawa katika pembe mraba na upepo wenyewe: upande wa kulia katika nusu ya kaskazini ya dunia, na upande wa kushoto katika nusu ya kusini.

Kanuni hii inaeleweka vyema kwa kutumia upepo wa kusi. Pwani yote ya Kenya iko kusini mwa ikweta na inatazama mashariki. Kusi unapovuma kuelekea kaskazini, kushoto kwake ni magharibi, yaani upande wa nchi kavu. Kwa hiyo maji ya juu hulundikwa kwenye pwani, na mwelekeo wake ni mzamo, si mwibuko. Upepo huo huo huvuka ikweta na kukunja kuelekea kaskazini mashariki. Mnamo mwaka 1969 mtaalamu wa hali ya hewa John Findlater alieleza mkondo mkuu wa hewa unaopita mashariki ya Afrika na kuvuka ikweta wakati wa msimu huo. Ukishafika nusu ya kaskazini, upande unaohusika hauwi tena kushoto bali kulia, na kulia kwa upepo huo katika pwani ya Somalia ni bahari kuu. Maji ya juu huondolewa pwani, na nafasi yake hujazwa na maji baridi yanayoibuka kutoka chini. Upepo ni mmoja, lakini kwa Wakenya hulundika maji na kwa Wasomali huyafukua.

Sasa na tuvuke bara hadi upande wa magharibi. Katika pwani ya Namibia pia upepo mkuu hutoka kusini na kuvuma sambamba na pwani. Kushoto kwake, kama ilivyo Kenya, ni magharibi. Tofauti ni kwamba pwani ya Namibia inatazama magharibi, hivyo upande huo ndio wa Atlantiki iliyo wazi. Maji ya juu husukumwa mbali na nchi, na maji ya kina hupanda. Aidha, upepo wa Namibia haubadiliki kabisa kwa msimu jinsi kusi unavyoupisha kaskazi. Katika eneo la Lüderitz huvuma kwa nguvu karibu mwaka mzima, na ndiyo sababu Benguela ni mahali panapofaa kuuchunguza mwibuko katika hali yake iliyokomaa.

4.0 Mkono Utoao na Mkono Unyang'anyao

Maji yanayoibuka ni baridi, lakini ubaridi si zawadi yake kuu. Yamebeba virutubishi, hasa nitrati, fosfati na silika, ambavyo vimejikusanya kilindini kutokana na kuoza kwa vitu vilivyozama. Virutubishi hivyo vinapofika kwenye mwangaza wa jua, mimea midogo inayoelea, hususan diatomu, huzaana kwa kasi kubwa. Wanyama wadogo huila mimea hiyo, samaki huwala wanyama hao, na mnyororo ukaendelea. Maeneo makuu ya mwibuko hayafikii hata asilimia 2 ya uso wa bahari zote, ilhali takribani moja ya tano ya samaki wanaovuliwa baharini duniani hutoka humo.

Si chakula chote kinacholiwa juu. Sehemu yake huzama kama mvua ya vumbi hadi kwenye rafu. Hapo huanza upande wa pili wa jambo hili. Bakteria huyaozesha mabaki hayo na kutumia oksijeni. Mabaki yakizidi, oksijeni hutumika kwa kasi kuliko inavyoletwa. Kuna sababu nyingine pia: maji yanayoibuka yenyewe yamekaa mbali na hewa kwa muda mrefu, hivyo hufika kwenye rafu yakiwa tayari na oksijeni haba. Mwibuko basi hupunguza pumzi kwa njia mbili, kwa maji unayoyaleta na kwa chakula unachokizalisha. Kizuri hakikosi ila.

Oksijeni ikiisha kabisa ndani ya tope, bakteria wa aina nyingine huendeleza uozeshaji kwa kutumia salfeti iliyomo katika maji ya chumvi na kutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, ambayo hunuka kama yai viza na ni sumu kwa wanyama wengi. Katika pwani ya Namibia gesi hiyo mara kwa mara hulipuka kutoka kwenye tope hadi juu ya maji. Salfa inayotokana nayo huyapa maji rangi ya kijanikibichi iliyopauka kama maziwa, rangi inayoonekana hata katika picha za setilaiti.

5.0 Wakazi wa Sakafu

Ostrakodi ni mnyama anayeishi kati ya magamba mawili yaliyoungana mgongoni mfano wa chaza. Walio wengi miongoni mwa wale wa sakafuni huwa na urefu wa kati ya nusu milimita na milimita 1. Hukua kwa kujivua magamba mara kadhaa, na kila yanapovuliwa, magamba ya zamani yanaweza kubaki ndani ya tope. Magamba hayo yana madini ya kalsaiti, hivyo hudumu. Visukuku vya ostrakodi vimepatikana katika miamba yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 450.

Sifa mbili za mnyama huyu zina uzito katika mjadala huu. Kwanza, ostrakodi wengi wa sakafuni hawana hatua ya utotoni ya kuelea majini, tofauti na kaa na kamba ambao watoto wao husafirishwa na mikondo. Anayezaliwa kwenye tope hukulia humo. Kwa hiyo jamii ya ostrakodi ya mahali fulani hueleza habari za mahali hapo. Pili, wengi wao hawana mashavu ya kupumulia kama ya samaki. Oksijeni hupenya kupitia ngozi laini iliyo ndani ya magamba, na kwa sababu hiyo hali ya maji yanayowazunguka huwagusa moja kwa moja.

Kopepodi wa sakafuni, ambao wengi wao ni wa kundi la harpaktikoidi, wana miili mirefu iliyogawanyika mapingili. Katika tope na mchanga wa bahari nyingi duniani, kopepodi hawa hushika nafasi ya pili kwa wingi baada ya nematodi, yaani minyoo duara wadogo. Hawana magamba ya kalsaiti, hivyo ni nadra kubaki kama visukuku. Lakini wakiwa hai ni mashahidi wepesi wa kusema, kwa kuwa ni miongoni mwa viumbe vya kwanza kupungua oksijeni inapopungua. Nematodi huvumilia, kopepodi hawavumilii. Kwa hiyo uwiano wa makundi haya mawili peke yake huweza kudokeza jambo kuhusu pumzi ya sakafu, ingawa aina ya mchanga au tope nayo huathiri uwiano huo.

6.0 Benguela: Mfano wa Jamii Iliyoumbwa na Mwibuko

Kwenye rafu ya Namibia kuna ukanda mrefu wa tope laini lililotokana kwa kiasi kikubwa na mabaki ya diatomu. Tope hili limejaa mabaki ya viumbe kiasi kwamba oksijeni hupotea karibu na uso wake. Humo ndimo alimogunduliwa bakteria aliyepewa jina Thiomargarita namibiensis, aliyetangazwa rasmi mwaka 1999. Bakteria huyu huweza kufikia upana wa milimita 0.75, hivyo anaonekana kwa macho matupu. Huishi kwa kutumia nitrati kuiunguza salfaidi, na huweka akiba ya nitrati mwilini kwa ajili ya nyakati za uhaba. Mahali ambapo bakteria analingana kwa ukubwa na ostrakodi ni mahali ambapo wanyama wapumuao oksijeni wamepata mshindani aliyejiandaa kuliko wao.

Uhusiano wa mwibuko na ostrakodi katika eneo hili umechunguzwa hasa na Richard Dingle, aliyechapisha mwaka 1995 utafiti kuhusu mwibuko wa rafu ya bara na ostrakodi wa sakafuni katika mfumo wa Benguela. Thamani ya kazi ya aina hii ni kwamba haimwoni ostrakodi kama orodha ya majina ya spishi tu, bali humtazama pamoja na maji yanayomzunguka: joto lake, oksijeni yake na mabaki yaliyomo ndani ya tope.

Tukiunganisha mfano wa Benguela na maeneo mengine yenye hali kama hiyo, tunaweza kueleza mpangilio wa jumla wenye hatua tatu. Hatua ya kwanza ni kitovu cha upungufu wa oksijeni. Chakula kimejaa, lakini walaji ni wachache. Spishi hupungua, na zile chache zinazostahimili hutawala. Lisa Levin, katika tathmini yake ya mwaka 2003 kuhusu viumbe wa sakafuni katika kanda zenye oksijeni haba, alionyesha kwamba nematodi ndio hutawala miongoni mwa wanyama wadogo wa maeneo hayo, huku krustasia wakiwa miongoni mwa wale wanaoathirika zaidi.

Hatua ya pili ni pembezoni mwa kitovu hicho. Oksijeni imeanza kutosha na chakula bado ni kingi. Hapo idadi ya wanyama huweza kupanda ghafla, wakasongamana kama wateja kwenye mlango wa duka lililofunguliwa sasa hivi. Hatua ya tatu ni mbali zaidi na mwibuko. Oksijeni si tatizo tena, lakini chakula kimepungua. Wanyama huwa wachache kwa idadi, ilhali spishi zao huweza kuwa nyingi, kwa kuwa hakuna moja iliyopata nafasi ya kuwatawala wenzake.

Je, tutajuaje kwamba kinachozuia maisha katika hatua ya kwanza ni oksijeni na si jambo jingine? Pwani ya Peru imetoa jaribio la kimaumbile. Wakati wa El Niño, maji yenye joto na oksijeni zaidi huifikia rafu ya Peru, na virutubishi vinavyofika juu hupungua. Kama chakula ndicho kingekuwa kizuizi, wanyama wa sakafuni wangepungua. Wakati wa El Niño ya mwaka 1982 hadi 1983, katika ghuba ya Ancón, ilitokea kinyume: wanyama wa sakafuni waliongezeka kwa idadi na kwa spishi, kisha wakapungua tena hali ya kawaida iliporejea. Walipungukiwa na pumzi, si na mlo.

7.0 Dalili Moja, Maana Mbili

Mpangilio uliotangulia ukieleweka, kishawishi cha kuugeuza huja haraka. Iwapo oksijeni haba huleta jamii fulani, je, tukiikuta jamii hiyo kwenye mwamba wa kale, si tuseme oksijeni ilikuwa haba? Dalili ya mvua ni mawingu. Lakini si kila wingu hunyesha, na historia ya utafiti wa ostrakodi ina mfano mzuri wa tahadhari hiyo.

Mwaka 1991 Robin Whatley alipendekeza kwamba wingi wa ostrakodi wa kundi la platikopidi katika tabaka za miamba ni ishara ya upungufu wa oksijeni. Hoja yake ilikuwa na mantiki. Platikopidi hula kwa kuchuja maji, hivyo huendesha maji mengi kupita kwenye miili yao kuliko ostrakodi wengine. Maji hayo, alidai, huwapa pia pumzi ya ziada, na kwa hiyo wenzao wakifa wao hubaki. Wazo hili lilipokelewa na watafiti wengi, na likatumiwa kusoma matabaka ya kale, yakiwemo yale ya mwisho wa kipindi cha Senomania, takribani miaka milioni 94 iliyopita, wakati ambapo sehemu kubwa za bahari zilipungukiwa na oksijeni.

Mwaka 2009 Simone Brandão na David Horne waliukagua ushahidi kutoka kwa ostrakodi walio hai leo. Waliona kwamba haukubali dai hilo: platikopidi wa sasa hawajikusanyi katika maeneo yenye oksijeni haba kwa namna ambayo nadharia ilitarajia. Mwaka 2011 Horne na wenzake walitoa tafsiri mbadala. Kwa maoni yao, platikopidi hufaidika pale ambapo chakula kilichopo ni chembe ndogo mno zinazoelea, hali ambayo hupatikana katika maji yaliyopungukiwa na virutubishi.

Uzito wa mabadiliko haya ya tafsiri hauna budi kusisitizwa. Katika maeneo ya mwibuko, oksijeni haba huandamana na chakula kingi. Tafsiri mpya inaihusisha ishara ile ile na uhaba wa virutubishi. Hivyo gamba lile lile, ambalo msomaji mmoja angelitumia kuthibitisha bahari iliyoshiba na kukosa hewa, msomaji wa pili angelitumia kuthibitisha bahari yenye njaa. Kosa la usomaji hapa si dogo. Hugeuza hali nzima ya bahari.

Ipo tahadhari nyingine, nayo inahusu kimya. Tope lenye mabaki mengi yanayooza huweza kuwa na asidi inayoyayeyusha magamba baada ya mnyama kufa. Mtafiti asipokuta magamba, asikimbilie kusema kwamba hapakuwa na wanyama. Huenda walikuwapo, ushahidi ukafutwa. Mhakiki wa fasihi simulizi analijua tatizo hili vizuri: utanzu usiorekodiwa si utanzu usiokuwapo. Kwa hiyo usomaji wa haki huunganisha ushahidi kadhaa, kama vile aina za spishi, uwiano wa wachanga na wazima, hali ya magamba, aina ya tope na kemia yake, kabla ya kutoa hukumu.

8.0 Umuhimu wa Somo kwa Wakati Huu

Suala hili si la visukuku pekee. Tathmini iliyochapishwa na Sunke Schmidtko na wenzake mwaka 2017 ilionyesha kwamba jumla ya oksijeni iliyomo katika bahari za dunia ilipungua kwa zaidi ya asilimia 2 tangu mwaka 1960. Maji yenye joto hubeba oksijeni kidogo, na tofauti ya joto kati ya tabaka za juu na za chini huzuia maji yasichanganyike. Kwa upande mwingine, Andrew Bakun alitoa hoja mwaka 1990 kwamba kuongezeka kwa joto la nchi kavu kunaweza kuzidisha nguvu ya pepo zinazosababisha mwibuko katika baadhi ya pwani. Mambo hayo mawili yakikutana, chakula kinaweza kuongezeka huku pumzi ikipungua. Viumbe wa kwanza kulihisi hilo ni wale wasioweza kuondoka.

Pwani ya Kenya nayo inahusika, kwa namna yake. Imekwisha kuelezwa kwamba wakati wa kusi maji hulundikwa pwani. Wakati wa kaskazi hali hugeuka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 na Zoe Jacobs na wenzake ulionyesha kwamba katika eneo la kaskazini la pwani hiyo, ambako rafu hupanuka na ambako mkondo wa Somalia hukutana na mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki, maji ya kina huibuka kwenye ukingo wa rafu katika msimu wa kaskazi na kuongeza uzalishaji wa chakula. Eneo hilo ni muhimu kwa uvuvi. Si Benguela, na halipaswi kusomwa kwa kunakili majibu ya Benguela, kwa kuwa mwibuko wake ni wa msimu na mikondo yake ni ya aina nyingine. Lakini maswali yanayopaswa kuulizwa ni yale yale: chakula kinachofika sakafuni ni kiasi gani, oksijeni inayobaki ni kiasi gani, na ni nani wanaoishi kati ya mambo hayo mawili?

Hapa ndipo lugha inapokuwa na kazi. Wavuvi wa Lamu na Malindi huzijua kusi na kaskazi kwa kuziishi, na hulizungumza jambo hilo kwa Kiswahili. Tafiti zinazoeleza kinachotendeka chini ya vyombo vyao huchapishwa kwa Kiingereza. Mtu anayeijua bahari kwa uzoefu na mtu anayeijua kwa vipimo wanaweza basi kuishi pwani moja bila kusomana. Kuunda istilahi kama mwibuko, mzamo na rafu ya bara ni hatua ndogo, lakini bila hatua hiyo mazungumzo hayawezi kuanza.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mwibuko huziumba jamii za krustasia wadogo kwa kuwapa chakula na kuwanyima pumzi kwa wakati mmoja. Mahali ambapo kunyimwa kumezidi, spishi hupungua na wavumilivu wachache hutawala. Mahali ambapo chakula na pumzi vinakutana, wanyama husongamana. Mahali ambapo chakula kimepungua na pumzi ipo, huweza kubaki wachache wa aina nyingi. Aidha, imebainika kupitia mjadala wa platikopidi kwamba dalili moja, ikitengwa na mazingira yake, inaweza kumwelekeza msomaji kwenye hitimisho lililo kinyume na ukweli.

Kamba mawe wa Elands Bay walikuwa na miguu, na habari zao zikajulikana siku ile ile. Ostrakodi na kopepodi wa tope lile habari zao hazijulikani mpaka mtu ayachekeche matope na kuyatazama kwa hadubini. Kazi hiyo inahitaji wanasayansi. Inahitaji pia lugha ambayo matokeo yake yatawafikia wale ambao riziki yao hutegemea bahari hiyo hiyo, na kwa upwa wa Afrika Mashariki lugha hiyo ni Kiswahili.